Cheti Changu na Kisima cha Jirani

Mwenye cheti cha mazingira anaweza kumdhulumu jirani yake kwa maji? Nimekuwa na swali hili tangu nianze kufuatilia vibali vya mtambo wangu wa vati hapa Nyarugusu. Mimi ni mzee wa kanisa, kwa hiyo nililipeleka kanisani, nikajibiwa kwamba aliyetii mamlaka amemtii Mungu. Jibu hilo halijanitosha.

Kazi yenyewe iko hivi. Wachimbaji wadogo wanasaga mawe kwenye makarasha, wanaosha mwaloni, wanakamatisha dhahabu kwa zebaki. Mara nyingi wanachopata hakifiki nusu ya dhahabu iliyomo. Mchanga unaobaki tunauita marudio, na mimi ndiye ninayeununua. Naujaza kwenye matangi ya zege, namiminia maji yenye sianaidi, yanashuka polepole mpaka kwenye kaboni yakiwa yamebeba dhahabu. Maji hayo lazima yawe na chokaa au kostiki ya kutosha, pH isishuke chini ya 10, la sivyo sianaidi inageuka gesi, na gesi hiyo inaua.

Kwa kazi ya namna hii serikali inadai karatasi nyingi, na ina haki ya kuzidai. Leseni ya uchenjuaji inatoka Tume ya Madini. Sianaidi huigusi bila kusajiliwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Kuchota maji na kuyatiririsha ni mambo ya bodi ya maji ya bonde. Halafu kuna NEMC, baraza la taifa la mazingira, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004: unasajili mradi, mtaalamu elekezi anaandika tathmini ya athari kwa mazingira, mnakaa na wananchi, ripoti inapitiwa, mwisho unapewa cheti chenye masharti. Wenzangu wengi wanauita huo usumbufu. Mimi siwezi, kwa sababu ya kile kikao cha wananchi.

Tulikaa kwenye darasa la shule ya msingi. Mtaalamu alieleza vizuri: bwawa la mabaki ya mtambo litatandikwa plastiki nzito, litazungushiwa uzio, tuta limepimwa kwa mvua kubwa. Mzee mmoja mfugaji, ambaye zizi na kisima chake viko chini ya mteremko wangu, alinyanyuka. Hakumtazama mtaalamu, alinitazama mimi, akaniita mayu, yaani mama. "Sawa mayu, tuta limepimwa. Likizidiwa usiku, nani atakuja kuniambia?"

Kila mtu mle ndani alielewa anachosema. Tarehe 7 Novemba 2022 bwawa la majitope la mgodi wa almasi wa Mwadui, kule Kishapu, lilipasuka, tope likaingia kwenye nyumba na mashamba ya watu. Kwenye ripoti yangu swali la mzee limekuwa mstari mmoja: wananchi waliomba kuwepo mawasiliano wakati wa dharura. Ripoti ikapita.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu kanisani. Serikali inaweza kuniruhusu katika yale yaliyo yake. Koo la ng'ombe wa yule mzee si la serikali, na wajukuu wake watakaochota kisima kile hawakuwemo darasani siku ile. Torati, katika Kutoka sura ya 21, inaagiza kwamba mtu akichimba shimo asilifunike, akatumbukia ng'ombe au punda, mwenye shimo alipe. Sheria ile haijali kama aliruhusiwa kuchimba. Inajali kama alifunika. Ndugu yangu mmoja Mwislamu, mwenye makarasha, anasema hata kwao mali yako haikupi haki ya kumdhuru jirani. Basi tuko pamoja.

Nimezaliwa Shinyanga, na Shinyanga inajua jambo lililoruhusiwa linavyoweza kuidhuru nchi. Tangu miaka ya 1920 watu waliitwa kufyeka mapori ili kumfukuza mbung'o. Haikuwa roho mbaya, mbung'o alikuwa anaua mifugo kweli. Ilikuwa halali, tena ilikuwa amri. Ufyekaji ule, pamoja na mashamba mapya na mifugo iliyoongezeka, ukaimaliza miti, hata mwaka 1986 serikali ikalazimika kuanzisha HASHI, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, kuirudisha. Kilichosaidia sana kuirudisha ni ngitili, ile desturi ya Wasukuma ya kufunga eneo la malisho mpaka kiangazi, ambayo wanakijiji wenyewe wanailinda na dagashida, baraza lao la jadi, inamtoza faini anayeingiza ng'ombe. Ngitili haikuanza kwa karatasi. Ilianza kwa macho ya jirani.

Lakini sitaki kudanganya kwamba macho ya jirani yanatosha. Nyasi zilizoliwa zinaonekana, zebaki iliyoyeyuka kwenye maji haionekani. Ndiyo maana namhitaji mkaguzi, na nahitaji maabara.

Na zebaki ndiyo inayoninyima usingizi kuliko sianaidi. Marudio ninayonunua yanakuja nayo tayari. Sianaidi ikipita inaiyeyusha pamoja na dhahabu, na ikishayeyuka inasafiri kirahisi zaidi majini, mpaka kwa samaki. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020. Huko Minamata kwenyewe, Japani, ugonjwa unaotokana na zebaki ulitambuliwa mwaka 1956, na kiwanda kikaendelea kumwaga zebaki baharini mpaka mwaka 1968. Kwenye marudio yangu zebaki aliiweka kijana aliyekuwa anatafuta ada ya watoto, na leo ameshahamia machimbo mengine. Nani atamjibia? Mimi naona ni mimi. Dhahabu aliyoshindwa kuitoa ndiyo inayonilisha, na siwezi kuirithi dhahabu yake nikaikataa sumu yake.

Kwa hiyo yako mambo ninayoyafanya ambayo hayamo kwenye masharti ya cheti. Maji ya kisima cha mzee napeleka kupimwa, zebaki na sianaidi zote mbili, na majibu anasomewa mbele ya wanawe. Mlinzi wa usiku ana namba yake ya simu, na kwa kuwa mtandao hapa unakatika mvua ikinyesha, anaijua pia njia ya miguu mpaka kwenye zizi. Majibu yakija mabaya, mtambo unasimama mpaka ijulikane sumu imepitia wapi. Hili nimemwahidi mzee, akapokea kwa kutikisa kichwa tu.

Kikao kijacho cha wazee wa kanisa naleta hoja: tusipokee fungu la kumi la mwenye mtambo anayekataa kupima kisima cha jirani wa chini yake, awe na cheti au asiwe nacho. Najua nitaambiwa jengo letu halina paa, na kwamba wenye mitambo ndio wachangiaji wakubwa. Ni kweli, na mimi ni mmoja wao. Naomba waanze kwa kuniomba mimi majibu ya maabara kabla ya kupokea bahasha yangu.