Mchele na Maradhi: Mazingatio kwa Wenye Akili

 

Ndugu zetu Waislamu, mtu akishikwa na maradhi mjini mwetu husikia moja ya maneno mawili: ama kapigwa na jini, ama ndivyo alivyoandikiwa. Neno la kwanza halina dalili. La pili ni kweli, lakini twalitumia pasipo mahali pake, kwani aliyeyaandika maradhi ndiye aliyeziumba sababu zake, na Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa hakuna ugonjwa ulioteremshwa bila ya dawa yake. Basi tutaijuaje dawa ikiwa sababu hatutaki kuitafuta?

Tupige mfano wa Java, nchi ya ndugu zetu Waislamu, wala wali kama sisi. Katika karne ya 19 wengi huko walikufa kwa beriberi: miguu hufa ganzi, mwili huvimba au hukonda, mwisho moyo hushindwa. Wakubwa wa utabibu walidhani ni kijidudu. Tabibu wa Kiholanzi, Christiaan Eijkman, akiwa Batavia, aliona kuku wake wamepatwa na udhaifu kama huo, kisha wakapona. Alipopeleleza akakuta kuwa walikuwa wakilishwa wali mweupe wa hospitali ya askari. Alipokuja mpishi mpya akakataa kuwapa kuku wa raia chakula cha askari, wakarudishwa kwenye mchele usiokobolewa.

Lakini kuku si watu. Ndipo mwaka 1895 Vorderman, mkaguzi wa afya, alipoanza kuyachunguza magereza ya Java, yapata 100, yenye wafungwa zaidi ya 200,000, kila moja likipika mchele kwa desturi ya mahali pake. Palipoliwa mchele mweupe aliugua mfungwa 1 katika 39. Palipoliwa mchele wenye wishwa, 1 katika zaidi ya 10,000. Wala hakutosheka na hayo. Aliangalia pia ukongwe wa majengo, hewa na msongamano, asije akaulaumu mchele kwa kosa la nyumba. Mwaka 1926, papo hapo Batavia, Jansen na Donath wakaitoa katika wishwa dawa yenyewe, nayo ndiyo vitamini B1.

Tazameni, ndugu zetu! Watu walikufa kwa maelfu, na dawa yao ilikuwa ikitupwa jaani kila asubuhi.

Na sisi je? Hatusemi kuwa ugonjwa wa sukari ni beriberi. Lakini ni nani kwetu asiyemjua mzee aliyekatwa mguu au kupofuka kwa ajili yake? Mwaka 2010 wataalamu wa Harvard, Marekani, walitoa khabari za watu karibu 200,000 waliofuatwa miaka mingi. Waliokula wali mweupe mara 5 au zaidi kwa wiki walikuwa na khatari ya ugonjwa huo zaidi kwa asilimia 17 kuliko waliokula chini ya mara 1 kwa mwezi. Twajua kuwa mambo mawili kwenda pamoja si hoja ya kuwa moja limelizaa jengine. Ndiyo maana wataalamu hao waliyapima na mengine, kama unene, uvutaji sigara na mazoezi. Hiyo si hukumu ya mwisho, lakini ni onyo, na mwenye akili haungoji moto umfikie kitandani.

Mola wetu ametuhalalishia vyakula vizuri akatukataza israfu, na Mtume wetu ametutaka tuliachie tumbo nafasi ya maji na ya pumzi. Hatuwaambii muuache wali. Twasema: sinia lipungue, mboga na kunde na samaki viongezeke, sukari ya chai ipunguzwe, na futari isigeuke karamu. Na sisi wanaume tuache kuipima heshima ya nyumba kwa weupe wa mchele, kisha tukawalaumu wapishi.

Na aliye mgonjwa aende akapimwe kabla ya kwenda kwa mpunga majini.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atupe siha ya miili na mwangaza wa akili. Amin. Wabillahi tawfiq.