Deni Linaloandikwa kwa Jina la Mwingine

Mei 2024 Pwani nzima ilibishana kuhusu majani. Gavana Abdulswamad Nassir alipiga marufuku muguka Mombasa, Gideon Mung'aro akafuata Kilifi, na hapa Taita Taveta Andrew Mwadime naye akafunga mlango. Rais Ruto akakutana na viongozi wa Embu, akasema amri hizo hazina nguvu kwa kuwa zao hilo linatambuliwa na sheria ya taifa. Mahakama Kuu ya Embu nayo ikaingia kati. Tukabaki tukizozana kama mwenye mamlaka ni kaunti au Nairobi. Swali lingine likapita kama lori la usiku hapo Voi: mtoto wa miaka 14 akianza kuchana, ni nani hasa ameamua?

Jibu la stage unalijua. "Kwani alilazimishwa? Si alichagua mwenyewe." Hebu tulipime.

Muguka, kama miraa ya Meru, una kathinoni, kemikali ya ukoo mmoja na amfetamini. Huharibika upesi baada ya jani kuchumwa, ndiyo maana pikapu za mzigo hukimbia vile. Ikifika kwa ubongo, kathinoni husukuma seli za neva zimwage dopamini. Watu huiita kemikali ya raha, lakini kazi yake inafanana zaidi na ya mwalimu: huuambia ubongo kwamba jambo hili ni muhimu, likariri, lirudie. Kwa mtu mzima, mwalimu huyo anaingia darasa lililokwisha kujengwa. Kwa kijana, fundi bado yuko juu ya paa. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ile inayopima kesho dhidi ya leo na kusema "ngoja kwanza", ndiyo ya mwisho kukomaa. Huendelea kujengwa hadi katikati ya miaka ya 20.

Katika majaribio, panya waliopewa amfetamini wakiwa katika umri wa ujana wameonyesha shida za kumbukumbu walipokua. Ndiyo, panya si mtu, na si kila aliyeanza mapema huanguka. Ila inatosha kutikisa lile jibu la stage. Kuchagua kunahitaji chombo cha kuchagulia, na hapa chombo chenyewe ndicho kinachoguswa. Ni kama kupima unga kwa mizani ambayo mtu ameweka kidole.

Mimi naliona kama deni. Mtoto wa miaka 14 anakopa kwa jina la mtu wa miaka 30 ambaye bado hayupo, hakuulizwa na hakutia sahihi. Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Tumezoea kuitumia methali hiyo kumkumbusha mzazi. Tunasahau kwamba samaki mbichi anakunjwa na mkono wowote, hata ule unaouza kifurushi pamoja na njugu na chingamu.

Kuna pingamizi mbili nzito. Ya kwanza ni ya mkulima wa Mbeere anayelipa karo kwa muguka. Riziki yake ni halali na hasira yake ya 2024 naielewa. Lakini karo ya mtoto wake haipaswi kutegemea mteja ambaye naye ni mtoto. Ya pili inanisumbua zaidi. Tukianza kusema "ubongo wake umeharibika", tunampiga mtu muhuri. Dereva anayechana ili asilale barabara ya Mombasa anakuwa teja tu, hana akili, hasikilizwi tena. Sayansi ikitumika hivyo inageuka tusi lenye koti jeupe.

Kwa hivyo tuigawe lawama sawasawa. Ya mtoto inapungua. Ile iliyopungua haipotei hewani, inahamia kwa watu wazima waliomzunguka: aliyemuuzia, aliyeona akanyamaza, aliyepitisha mzigo akahesabu ushuru. Na yule wa miaka 25 anayetaka kuacha leo? Hakutia sahihi, lakini kulipa atalipa yeye, siku baada ya siku. Ubongo huendelea kujifunza hata ukubwani, kwa hivyo deni linalipika. Sisi tunadaiwa kumsaidia bila kumhubiria.

Sheria ya vileo ya 2010 inakataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18, na hakuna anayesema imewatukana walevi wala wakulima wa shayiri. Marufuku za 2024 zilimlenga kila mtu, zikagonga ukuta. Kumuuliza mnunuzi "una miaka mingapi?" na kukataa pesa yake akiwa mdogo hakumsubiri Rais wala jaji. Kunaweza kuanza jioni hii, pale pale Voi, kwenye kibanda cha kwanza.