DARSA LA RAMADHANI, SIKU YA 14: Dada yake Musa mlangoni kwa Firauni



Juzi baada ya tarawehe mama mmoja aliniuliza: "Sheikh, mwanangu yuko darasa la sita. Hospitali wamesema ana maradhi ya hisia. Kuna siku halali, anaongea mfululizo. Kisha anashuka, hata kuoga hataki. Shuleni wanamwita jeuri na mvivu, anachapwa. Nimwachie Mungu tu?"

Mwachie Mungu, mama yangu, lakini nenda shuleni. Msome mama yake Musa katika Suratul Qasas. Alimtia mwanawe mtoni, moyo wake ukabaki mtupu. Allah akamtuliza. Je, alikaa tu? Hapana, alimtuma binti yake amfuatilie.

Binti yule alimwangalia ndugu yake kwa mbali mpaka akafika nyumbani kwa Firauni. Mtoto akawa hakubali kunyonya kwa yeyote. Hakuwapigia kelele. Aliona pale walipokwama, akawaambia kuna nyumba itakayomlea na kumtakia mema. Neno lililotumika pale, naasihuun, lina mzizi mmoja na neno letu "unasihi". Musa akarudi kifuani kwa mama yake.

Ndugu mzazi, kumsemea mtoto ni amana. Fanya kama binti yule.

*Kwanza, angalia.* Weka daftari: usiku gani hakulala, siku gani hakula, nini kilitangulia alipochafukwa. Mwombe daktari barua. Mimi pia ni mwalimu wa darasani, nawaambia ukweli: mwalimu mwenye watoto themanini mbele yake anaona kiti kitupu na kazi ambayo haikufanywa. Usiku wa mwanao haujui. Wewe ndiye unaujua.

*Pili, pita mlangoni.* Anza na mwalimu wa darasa, kisha mwalimu wa ushauri na unasihi, kisha mwalimu mkuu. Usiende siku umewaka hasira. Na muulize mwanao kwanza kipi kisemwe na kipi kibaki siri. Aibu yake ni amana pia.

*Tatu, omba kinachowezekana.* Akizidiwa atoke nje dakika kumi. Kazi zilizompita apewe kidogo kidogo. Awe na mwalimu mmoja wa kumkimbilia. Na fimbo isiwe dawa ya maradhi. Kanuni za mwaka 2002 haziruhusu zaidi ya viboko 4, na ni kwa mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, tena iandikwe kitabuni. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa hali ya afya yake. Yaseme haya kwa adabu, lakini yaseme.

Sasa, huku kwetu, kuanzia Saadani mpaka Mbweni, mtoto akibadilika tu utasikia: "amechezewa", "ana majini". Kisomo ni kheri, sikikatazi. Ila kisomo hakifuti dawa, Mtume (s.a.w.) mwenyewe alituhimiza kujitibu. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita mwanachuoni wetu Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kwamba kuna huzuni yenye sababu inayojulikana, na kuna huzuni isiyo na sababu ya wazi, nayo ina uhusiano na mwili. Basi usimwambie mwanao, "Una nini wewe, mbona kila kitu unacho?"

Na hii ni Ramadhani. Usimsimamishie vidonge kwa ajili ya funga bila kumuuliza daktari. Mgonjwa ana ruhusa ya Mola wake, na mtoto ambaye hajabaleghe funga haijamlazimu. Usingizi ukikatika kila siku kwa daku, maradhi haya huweza kuamka. Mwache alale, wala asisimangwe kwenye futari.

Nanyi walimu mnaosoma hapa: mzazi akija na daftari lake, mpeni kiti. Hata nyumba ya Firauni ilimsikiliza binti mdogo.

Ewe Mola, wape watoto wetu shifaa, wape wazazi wao ulimi mlaini na moyo usiochoka, na uwape walimu wetu huruma. Amin.

Mtumie mzazi mmoja unayemjua. Wabillahi tawfiq.