HATI YA HIBA NA HAKI YA WARITHI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baad:

Ndugu zangu Waislamu, yameenea katika miji yetu ya pwani mazoea ya mtu kwenda kwa wakili akaandikisha hati kwamba nyumba yake amempa mwanawe mmoja, ili atakapokufa pasiwe na kitu cha kugawanywa mbele ya kadhi. Ukimwuliza, husema: "Nachelea nyumba isije ikauzwa." Lakini mara nyingi lililo moyoni ni kwamba mabinti wameolewa, naye hataki mali yake iwafikie waume zao.

Hatusemi kwamba hiba ni haramu. Lakini hiba si karatasi. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi haitimii ila kwa kutoa, kukubali na kukabidhi. Sayyidna Abubakar alimpa bintiye, Bibi Aisha, mavuno ya mitende kiasi cha wasaki 20. Yalipomfika maradhi ya mauti, naye binti hajakabidhiwa, alimweleza kwamba lau angaliyachukua yangalikuwa yake. Lakini siku hiyo yamekuwa mali ya warithi wote. Basi aliyeifungia hati sandukuni, akaendelea kupokea kodi ya nyumba mpaka kufa kwake, amekabidhi nini? Na atoaye akiwa katika maradhi ya mauti, hiba yake ina hukumu ya wasia: haipiti kwa mrithi ila kwa ridhaa ya warithi wenziwe.

Tena Bashir bin Saad alipomtaka Mtume amshuhudie hiba aliyompa mwanawe Nuuman, Mtume alimwuliza kama amewapa wanawe wote mfano wake. Aliposema hapana, Mtume alikataa kuwa shahidi. Ndipo Imam Shafi akaona kupendelea huko ni makuruhu, na Imam Ahmad akaona ni haramu.

Tazameni mfano. Mtu amekufa, ameacha mke, wana wawili wanaume na mabinti watatu. Baada ya mazishi, deni na wasia, mali yake hugawanywa mafungu 8: mke 1, kila mwana 2, kila binti 1. Fungu hilo moja la binti amelikata Mwenyezi Mungu mwenyewe katika Sura ya Nisaa, kisha akawaonya wanaoivuka mipaka yake. Je, baba ni mwenye huruma zaidi, au mwenye hekima zaidi?

Wala serikali haikutulazimisha hila hii. Tangu mwaka 1990 sheria ya urithi ya Kenya imeiachia mirathi ya Muislamu ifuate hukumu za dini yake, na Katiba ya 2010 imezithibitisha mahakama za makadhi.

Achelee nyumba kuuzwa na awausie wanawe waipangishe na kugawana kodi kwa mafungu yao, au mmoja awanunue wenziwe kwa bei ya haki. Na atakaye kutoa hiba, na atoe angali mzima, asimwache binti wala mwana, akabidhi kwa kweli, kisha aandike hati na kuisajili. Hapo hati itakuwa shahidi wa haki. Ama hati ya kumnyima binti, huenda ikashinda mbele ya hakimu wa dunia. Mbele ya Mola itakuwa shahidi juu ya mwenyewe aliyeitia sahihi.

Mwenyezi Mungu atuongoze katika uadilifu, na atulinde na kula mali ya warithi. Amin.