Ndege wa pori na pesa ya mgeni

Wengi husema: watalii wakija, ndege wetu watapona. Ni kweli kwa wenzetu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya. Pori lile lina bundi mdogo sana, anayetishwa kutoweka, na wageni wanalipa kwenda kuangalia ndege wa kule. Tangu 2001 shirika A Rocha Kenya linatumia pesa ya utalii kulipia masomo ya sekondari ya watoto wa kandokando ya pori. Sisi walimu tunalisifu sana jambo hilo.

Lakini huku kwetu Kasugho vita vimefunga njia. Basi, siku mgeni haji, ndege ana thamani gani? Mwaka 2016 mataifa yalipatana kukataza biashara ya kasuku wa porini, na bado anategwa. Machifu wa Batangi na Bamate walitenga pori la Tayna, serikali ikalitambua 2006. Hawakungoja barabara ijae wageni. Mtalii akija, karibu sana. Ila mwanafunzi akituuliza leo kwa nini asimtege kasuku, hatuwezi kumwambia angoje mtalii.