Uzair, Kuhani na Mwandishi wa Taurati

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Enyi ndugu zangu, Kurani imemtaja Uzair kwa jina mara moja tu, katika Sura ya Tawba, aya ya 30, kwa kuwakemea Mayahudi waliomwita mwana wa Mungu. Na yule aliyefishwa miaka 100 kisha akafufuliwa, katika Sura ya Baqara, aya ya 259, wafasiri wengi wamesema ndiye yeye, ingawa hakutajwa jina. Wako wanazuoni wamhesabuo Nabii, na wako wasemao ni mja mwema.

Mayahudi humwita Ezra. Alikuwa kuhani wa kizazi cha Nabii Harun, na mwandishi hodari wa Taurati. Bukhtanasar aliibomoa Baitul Makdis mwaka 586 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, akawahamishia watu Babeli. Uzair alirudi, kwa hesabu iliyo mashuhuri, mwaka 458, zama za ufalme wa Waajemi. Hekalu lilikuwa limekwisha kujengwa tena. Lakini kuta si dini, na watu walikuwa wameiacha sheria yao.

Zingatieni basi. Siku ya kwanza ya mwezi wa saba watu walikusanyika mbele ya Lango la Maji, wanaume kwa wanawake, wakamtaka alete kitabu. Akasimama juu ya jukwaa la mbao, akasoma tangu alfajiri hata adhuhuri. Na Walawi wakawafasiria watu hata wakafahamu. Walipofahamu, wakalia. Hawakulizwa na uzuri wa sauti. Walilizwa na maana iliyowafikia.

Nami nakiri mbele yenu. Nilihitimu chuoni ningali mdogo, wazee wangu wakapika wakaalika watu, wala sikujua maana ya Fatiha niisomayo katika sala. Na leo mimi ni mwalimu: mara ngapi nimemrudi mtoto kwa kosa la herufi moja, nisimuulize hata neno moja la maana!

Kaburi lisemwalo kuwa ni la Uzair liko Iraki, kando ya mto Dijla, na Mayahudi na Waislamu wamelizuru. Lakini urithi wake hauko kaburini. Waliomwita mwana wa Mungu walimpandisha mtu, wakakiangusha alichokifundisha. Nasi tujihadhari tusije tukaubusu mkono wa mwanachuoni, na neno lake tukaliacha mlangoni pamoja na viatu.

Basi kila mwenye mtoto chuoni amuulize usiku huu maana ya Fatiha. Na ikiwa baba mwenyewe haijui, na aende kwa mwalimu pamoja na mwanawe, wala asione haya. Haya ni kufa hali hatujui tulimwambia nini Mola wetu kila siku.

Mwenyezi Mungu atufahamishe kitabu chake, atujaalie kukitenda. Amin.