Jua Lilipopatwa na Jeshi Lilipofagia

Alhamisi ya tarehe 1 Septemba 2016 magazeti yetu yalibeba kwa pamoja mambo matatu ambayo mtunzi wa vichekesho angeona aibu kuyaweka katika igizo moja. Chadema kilikuwa kimeahirisha maandamano ya nchi nzima. Jeshi la Wananchi lilikuwa linatimiza miaka 52, na lilikuwa limetangaza kwamba litaadhimisha siku hiyo kwa kufanya usafi na kuchangia damu. Na jua lilikuwa linakwenda kupatwa.

Wapendwa, nimelikuta gazeti la siku hiyo kabatini, limetandikwa chini ya vitabu vya nyimbo. Nimelisoma lote wiki hii na nimecheka sana. Kicheko hicho ndicho ninachotaka tukitafakari pamoja, kwa sababu siku yenyewe ilipokuwa inakaribia, hakuna aliyekuwa akicheka.

Vijana wetu wa kipaimara walikuwa wadogo, hawakumbuki. Mikutano ya kisiasa ilikuwa imepigwa marufuku, na chama kikuu cha upinzani kikatangaza operesheni yake kikaiita UKUTA, na siku ya kuanza ikawa hiyo Septemba mosi. Serikali ikasema haitaruhusu. Polisi walionekana wakifanya mazoezi mitaani, ndege za kivita zikapita juu ya Dar es Salaam, na jeshi likaeleza kwamba hayo ni maandalizi ya sherehe zake. Tarehe 23 Agosti askari polisi wanne walikuwa wameuawa kwa risasi kule Mbande, wakiwa kazini. Hofu ilikuwa na sababu. Hapa kisiwani Mafia, ambako karibu kila nyumba ina mtoto au ndugu Temeke au Mbagala, simu za mama zetu zilikuwa na neno moja tu: tarehe moja usitoke.

Kisha tarehe 31 Agosti, siku moja kabla, Freeman Mbowe, mwenyekiti wa Chadema wakati ule, akatangaza kuahirisha. Alisema viongozi wa dini wamewaomba wawape muda wa kuzungumza na Rais Magufuli. Mashekhe, maaskofu na wachungaji walikuwa wamekwenda kubisha hodi, wakaketi, wakasikiliza, wakaomba. Basi siku ile iliyongojewa kwa mabomu ya machozi ikafika na mafagio. Wanajeshi wakafagia. Watanzania wengine, waliokuwa wameonywa wasitoke nje, wakatoka nje kuangalia juu.

Kwa jua kulikuwa na utulivu wa aina nyingine kabisa. Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria alikuwa amewaeleza wananchi mapema ni wapi kivuli kitapita na kwa nini wasilitazame jua kwa macho matupu. Watu walikusanyika Rujewa, wilayani Mbarali, na kuelekea saa sita mchana wakaliona jua limebaki pete. Mafia hatukuipata pete hiyo, lakini sehemu kubwa ya jua ilifunikwa, na mwanga ukawa kama wa magharibi wakati kivuli cha mtu kiko miguuni pake.

Hapa naomba nikae kidogo, maana gazeti halikuandika habari hii na sisi watu wa visiwani tunaijua. Jua haliwezi kupatwa isipokuwa mwezi unapokaribia kuandama. Na siku hizo maji ni ya bamvua. Kwenye pwani yetu bamvua hupwa sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi, miamba ikabaki wazi mbali kabisa. Kwa hiyo saa ile ile ambayo kivuli kilianza kulila jua, wanawake wa Jibondo na Juani walikuwa na nafasi ya kushuka mwambani kuchokoa pweza kama kila bamvua, na mahesabu ya wataalamu wa anga na mahesabu ya bibi mwenye mchokoo yakakutana hapo bila kuulizana. Jambo lililoshangaza kuliko yote katika ukurasa ule ndilo lililokuwa limejulikana miaka mingi kabla, saa na dakika. Lililokuwa halijulikani ni kama watu wawili watakubali kuketi meza moja.

Nadhani hilo ndilo alilowaambia Bwana wetu wale Mafarisayo na Masadukayo katika Mathayo 16, waliokuja kumwomba ishara kutoka mbinguni. Aliwakumbusha kwamba wanajua kuutazama wekundu wa anga wakasema kutakuwaje kesho, ila majira waliyomo hawayatambui. Mvuvi yeyote wa Kilindoni anaelewa. Kusi anaijua, kaskazi anaijua, moyo wa jirani yake haujui mpaka amuulize.

Barazani siku ile wapo waliosema jua limewakasirikia wanasiasa. Mzee mmoja wa Kiislamu aliwakatalia kwa upole. Aliwakumbusha kwamba Mtume wao alipofiwa na mwanawe Ibrahim jua lilipatwa siku hiyo hiyo, watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba wake, naye akakataa. Akawafundisha kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu yeyote, na akawahimiza kuswali. Kisha mzee akasimama akaenda msikitini kwa swala ya kupatwa. Nalikumbuka jambo hili kwa shukrani. Baba mfiwa angeweza kuacha watu waamini kwamba mbingu zimemlilia mwanawe, naye hakukubali.

Tunapocheka leo, tusiwacheke walioogopa. Zaburi ya 126 inasimulia watu waliorudishwa kutoka uhamishoni, vinywa vyao vikajaa kicheko. Walicheka kwa kuwa walikuwa wamelia. Mama aliyempigia mwanawe simu tarehe 31 Agosti alipenda, na ndiyo maana aliogopa. Wala tusiseme kwamba kwa kuwa siku ilipita salama, basi swali la mikutano lilikuwa dogo. Maandamano hayo hayakufanyika, lakini marufuku ya mikutano ya hadhara iliendelea, ikaondolewa na Rais Samia tarehe 3 Januari 2023. Zaidi ya miaka sita! Naamini amani ya Septemba mosi ilikuwa jibu la maombi, na naamini pia kwamba waliobisha hodi walipaswa kuendelea kubisha baada ya magazeti kuhamia kwenye habari nyingine.

Na habari nyingine haikuchelewa. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba, alasiri, ardhi ilitetemeka Kagera kwa kipimo cha 5.9. Zaidi ya watu 15 walikufa na maelfu ya nyumba ziliharibika. Nimelipekua gazeti langu la tarehe 1 mpaka kurasa za michezo: Bukoba haimo. Tulikuwa tumekaza macho juani na barabarani, na wala hatukukosea, hapo ndipo kila mtu alipokuwa anaangalia. Lakini wale ndugu walihitaji maombi yetu juma lile kuliko wakati wowote, na hatukujua kuwataja.

Jumatano hii, kwenye jumuiya, naomba kila mwenye gazeti la zamani alilotandika kabatini au alilofungia vyombo aje nalo. Lisiwe jipya. Mama zetu wanaokaanga vitumbua wanayo mengi, wasione haya kuleta hata yenye mafuta. Tutasomeana kwa sauti kurasa za mbele, tutacheka, kisha kila mmoja atatafuta ndani jina au mji uliopewa mistari miwili tu chini ya ukurasa, na huo ndio tutakaouombea. Tutaanza saa kumi na moja jioni, mapema kidogo, ili wanaorudi Utende wasikute giza njiani.